Neno, Tendo na Msiba: Utenzi na Tanzia za Vita vya Maji Maji katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna istilahi za utendi na tanzia za Ugiriki na Roma ya kale zinavyotumika kufasiri kazi mbili za Kiswahili zilizotokana na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, nazo ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Hoja kuu ni kwamba dhana ya "dosari ya shujaa", iliyozoeleka katika uhakiki wa shuleni na vyuoni, haina mizizi imara katika maandishi ya Aristotle. Inapotumiwa kusoma Kinjeketile, dhana hiyo huiondoa lawama ya vita katika mfumo wa pamba na kodi na kumtwika mtu mmoja. Makala inapendekeza usomaji unaoanzia katika tendo la umma na katika maana ya awali ya neno tanzia katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Samanga na Kilwa Kivinje hadi Lindi na Mikindani, imeacha kumbukumbu za maandishi za ushindi wa Wajerumani ambazo hazilingani kwa urahisi. Mwaka 1888 maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani waliuawa Kilwa wakati mji ulipokataa mamlaka mapya. Mwezi Mei 1890 jeshi la Hermann Wissmann liliiteka miji ya Kilwa, Lindi na Mikindani. Mwaka 1895 Hassan bin Omari, aliyejulikana kwa jina la Makunganya, alinyongwa Kilwa Kivinje, na mwembe ulionyongewa watu ukabaki katika kumbukumbu za mji kwa jina la Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye bara ya Kilwa ikawa chimbuko la Vita vya Maji Maji. Kila tukio miongoni mwa haya lilisimuliwa, na baadhi yake yalisimuliwa kwa mashairi na tenzi.

Wahakiki waliozisoma kazi hizi katika karne ya 20 mara nyingi walizipima kwa mizani iliyotengenezwa kwingine. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kuwapo kwa utendi kama utanzu wa kawaida barani. Isidore Okpewho alimjibu mwaka 1979 kwa kitabu kizima kuhusu utendi wa Afrika, na Mugyabuso Mulokozi aliuendeleza mjadala huo kwa ushahidi wa tendi za Wahaya. Jan Knappert, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kuziita tenzi za Kiswahili kwa jina la utendi tangu mwaka 1964. Mjadala huo ulihusu zaidi swali la kama Afrika inacho kitu kile walichokuwa nacho Wagiriki. Swali la pili halikupewa uzito uleule, yaani, je, tunapokiita kitu hicho utendi au tanzia, tunakisoma vizuri zaidi au tunakifunika?

Makala hii inashughulikia swali hilo la pili. Haikusudii kukataa elimu ya kale ya Ugiriki na Roma. Kinyume chake, inaonesha kwamba kasoro nyingi katika usomaji wa kazi za Kiswahili zimetokana na kumsoma Aristotle nusunusu, na kwamba akisomwa kwa makini anasaidia kuona yale ambayo uhakiki uliozoeleka umeyaficha.

2.0 Ulinganishi na mipaka yake

Ulinganishi wa fasihi mbili zilizo mbali una mvuto wake na hatari yake. Mfano mzuri unapatikana Kilwa kwenyewe. Habari za kale za Kilwa, zilizohifadhiwa katika muswada wa Kiarabu na pia katika kazi ya mwanahistoria Mreno João de Barros ya mwaka 1552, zina masimulizi ya wageni waliotoka Shirazi. Kwa mujibu wa muswada wa Kiarabu, kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Msomaji wa Aeneid ya Virgil atakumbuka mara moja kisa cha Dido, aliyepata ardhi ya kujengea Carthage kwa kipimo cha ngozi ya ng'ombe. Visa vyote viwili vinahusu mgeni wa baharini, mwenyeji mwenye ardhi, na bidhaa inayogeuzwa kuwa mpaka.

Hata hivyo, mfanano huo hauthibitishi kwamba kisa kimoja kilizaliwa na kingine. Unachofanya ni kumwelekeza mtafiti kwenye swali linalofaa. Kisa cha Dido kinasimulia werevu wa mnunuzi. Kisa cha Kilwa kinasimulia biashara ya nguo, ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyoiunganisha Kilwa na Sofala kwa upande mmoja na bandari za Bahari ya Hindi kwa upande mwingine. Ngozi katika kisa cha kwanza ni chombo cha hila, ilhali nguo katika kisa cha pili ni mali halisi iliyotawala uchumi wa mji. Ulinganishi ukikomea kwenye kufanana, tofauti hii hupotea, na pamoja nayo hupotea historia.

Kanuni inayotokana na mfano huu ndiyo itakayofuatwa katika sehemu zinazofuata. Istilahi ya kigeni itakubaliwa pale inapoifanya tofauti ionekane, na itawekwa kando pale inapoifuta.

3.0 Maana za maneno yenyewe

Kabla ya kuzisoma kazi, ni vyema kuyasikiliza majina ya tanzu. Neno la Kigiriki lililozaa istilahi ya utendi katika lugha za Ulaya ni epos, ambalo maana yake ya msingi ni neno au usemi. Neno drama linatokana na kitenzi chenye maana ya kutenda. Kiswahili kimefuata njia nyingine. Utenzi, au utendi, hunasibishwa na kitenzi -tenda. Hivyo kile ambacho Wagiriki walikiita kwa jina la usemi, Waswahili walikiita kwa jina la matendo. Utenzi si usemi uliotukuka tu, bali ni kumbukumbu ya yaliyotendwa, na umbo lake linalitumikia jukumu hilo. Ubeti wa vipande vinne vya mizani nane, vitatu vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha bahari kinachorudi hadi mwisho wa kazi, humwezesha msimulizi kwenda mbali bila kupotea, kama vile mkufu wa shanga unavyoshikwa na uzi mmoja.

Neno tanzia nalo lina historia yake. Neno la Kigiriki la utanzu huu hufasiriwa kuwa wimbo wa mbuzi, na wataalamu hawajakubaliana kuhusu sababu ya jina hilo. Tanzia ya Kiswahili imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuwapa pole wafiwa. Katika matumizi ya kila siku ya Waswahili, tanzia ni taarifa ya kifo. Taarifa hiyo ina masharti yake. Lazima itaje jina la marehemu, imfikie anayestahili kuipata, na iwawezeshe watu kufika maziko na kukaa matanga. Tanzia isiyotaja jina haijatimia, na tanzia isiyomfikia mwenye msiba ni uvumi tu.

Wasomi walipolichukua neno hilo kuwa jina la utanzu wa tamthilia, walilihamisha kutoka mlangoni pa wafiwa hadi jukwaani. Uhakiki wa baadaye ulisahau lilikotoka. Ulibakiza huzuni na kuanguka kwa mkubwa, lakini ukaliacha swali la msingi la kila tanzia, yaani, nani amekufa, na nani anapaswa kuambiwa?

4.0 Vita na ushahidi wake

Maelezo mafupi ya vita yanahitajika ili kazi mbili zinazojadiliwa ziweze kupimwa. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba, na kuanzia mwaka 1902 ikaingiza mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ambako wanavijiji walilazimishwa kufanya kazi kwa siku zilizopangwa chini ya usimamizi wa majumbe na maakida. Kazi hiyo iliwaondoa watu katika mashamba yao ya chakula. Wakati huohuo, huko Ngarambe, mganga aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alianza kupokea mahujaji. Iliaminika kwamba alishikwa na pepo Hongo, akaingia katika maji ya mto, na akatoka akiwa na dawa. Habari zake zilienea kwa mnong'ono, na waliokwenda kwake walirudi na maji pamoja na matumaini ya umoja.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi waling'oa mipamba, kitendo kilichokuwa tangazo la vita. Samanga ilishambuliwa. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Kifo chake hakikusimamisha chochote. Mwezi huohuo boma la Liwale lilianguka, na tarehe 30 Agosti wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge, ambako bunduki za rashasha ziliua wengi. Vita vilifika Ungoni na kuendelea hadi mwaka 1907. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala, likitumia njaa kuwa silaha. Makadirio ya serikali yenyewe yalikuwa watu wapatao 75,000 waliokufa. Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikadiria watu kati ya 250,000 na 300,000.

Jambo moja katika mfuatano huu lina uzito wa pekee kwa makala hii. Kinjikitile wa historia alikufa katika siku za mwanzo za vita. Hakuona kushindwa kwa maji. Hakuishi kuulizwa na wafiwa. Mapokeo yaliyokusanywa na Gwassa na John Iliffe yanaeleza kwamba alipokuwa akikabiliwa na kifo alisema kuuawa kwake hakutabadili kitu, kwa kuwa dawa ilikuwa imekwisha kuenea mbali. Historia, kwa hiyo, inampa tamko la mwisho. Haimpi utambuzi wowote wa kosa.

5.0 Utenzi wa Lindi na sauti ya mshairi wa mji

Utenzi wa Vita vya Maji-Maji uliwafikia wasomaji wengi kupitia toleo la W. H. Whiteley la mwaka 1957, lililokuwa na tafsiri ya Kiingereza na utangulizi wa kihistoria wa Margaret Bates. Mtunzi wake alikuwa mtu wa Lindi. Taarifa hiyo haipaswi kupitwa haraka. Watu wa miji ya pwani walikuwa na nafasi ngumu katika vita hivi. Maakida, wafanyabiashara na wakopeshaji waliotumwa au kufika bara walikuwa miongoni mwa walengwa wa mashambulizi. Miji mingi ya pwani haikujiunga na vita. Mshairi wa Lindi aliandika, basi, akiwa kati ya serikali iliyoshinda na bara iliyoshindwa, katika lugha ya mji na kwa desturi ya utunzi wa Kiislamu.

Tofauti yake na Hemedi bin Abdallah el Buhriy inasaidia kuona hali hiyo. Hemedi, katika utenzi wake wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima mwaka 1307 wa Hijria, alisimulia upinzani wa Bushiri, na mapenzi yake yako wazi kwa upande wa wenyeji. Tenzi na mashairi mengine ya wakati huo hayako wazi kiasi hicho. Mengi yana beti za kumsifu Kaiser, gavana au maofisa, na baadhi yalipitia mikononi mwa Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa gavana na baadaye mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Mtafiti anayekutana na sifa hizo hujaribiwa kutoa hukumu ya haraka kwamba mshairi alikuwa kibaraka.

Hapa elimu ya fasihi ya Roma ina msaada halisi. Lucan aliandika utendi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Caesar na Pompey, vita vilivyoua jamhuri ya Roma, na mwanzoni mwa kazi hiyo aliweka sifa kubwa kwa mtawala wa wakati wake, Nero. Mwaka 65 B.K. Nero huyohuyo alimlazimisha kujiua kwa kushiriki njama dhidi yake. Wafasiri wamegawanyika mpaka leo kuhusu sifa zile, wengine wakiziona za dhati, wengine za woga, wengine za kejeli. Mgawanyiko huo umewafundisha wasomaji wa Kilatini jambo moja, kwamba sifa ya mtawala haiwezi kufasiriwa ikiwa imetengwa na kazi nzima. Mwaka 1963 Adam Parry alionesha kuwa hata Aeneid, iliyotazamwa kwa muda mrefu kuwa utendi wa kumtukuza Augustus, ina sauti mbili, moja ya ushindi na nyingine ya majuto kwa waliolipia ushindi huo.

Kanuni hiyo ikiletwa Lindi, haimgeuzi Abdul Karim kuwa mpigania uhuru wa siri. Hilo litakuwa kosa la upande wa pili. Inamtaka mtafiti asome uzito wa kazi kabla ya kusoma tamko lake. Utenzi humtaja anayesifiwa kwa beti chache. Beti nyingi zaidi hutumika kwa mwendo wa vita, mahali kwa mahali. Aristotle alisema utendi unaweza kusimulia mambo mengi yanayotokea kwa wakati mmoja, jambo ambalo tanzia haiwezi kulifanya jukwaani. Uwezo huo ndio unaoufanya utenzi ufae kwa vita ambavyo havikuwa na uwanja mmoja wala jemadari mmoja. Katika umbo hilo shujaa mmoja hana nafasi kubwa, kwa kuwa kinachosimuliwa ni tendo lililotawanyika. Mshairi anaweza kuidharau imani ya watu katika maji, na bado utenzi wake ukabaki ushahidi kwamba vita vilikuwa vya watu wengi kutoka sehemu nyingi. Utenzi ulihifadhi kile ambacho taarifa za kijeshi zilikiita ghasia.

6.0 Kinjeketile na tatizo la dosari

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hiyohiyo ya kusini, alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, miaka michache baada ya uhuru na wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kikikusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita. Katika dibaji yake alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu na asichukuliwe kuwa mtu wa historia. Tofauti ya tahajia kati ya Kinjikitile na Kinjeketile inafaa kutunzwa kwa sababu hiyo.

Usomaji uliozoeleka wa tamthilia hii huiita tanzia ya Kiaristotle. Kinjeketile huonekana kuwa shujaa wa kitanzia, na dosari yake huelezwa kuwa ni kujiamini, au kuamini pepo, au kushindwa kuwazuia watu wake. Dosari hiyo humwangusha, na pamoja naye huangusha umma. Maelezo haya ni mepesi kufundishwa na mepesi kutahiniwa. Tatizo lake ni la aina mbili.

Tatizo la kwanza linamhusu Aristotle. Neno alilotumia, hamatia, linatokana na kitenzi cha kukosa shabaha, kama mpiga mshale anavyokosa. Katika sura ya 13 ya kitabu chake kuhusu ushairi, anasema mtu wa tanzia huanguka kwa kosa, na papo hapo anakanusha kwamba sababu ni uovu wa tabia. Katika sura ya 6 anasisitiza kwamba tanzia ni uigaji wa tendo, si wa watu. Dhana ya udhaifu uliojengeka ndani ya tabia ya shujaa ilikuzwa na wafasiri wa karne za baadaye, hasa katika kumsoma Shakespeare, na kutoka huko ikaingia katika vitabu vya uhakiki vya Kiswahili ikiwa imevaa jina la Aristotle.

Tatizo la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu historia. Ikiwa anguko la Wamatumbi na majirani zao lilitokana na dosari ya Kinjeketile, basi sababu ya vifo inakuwa mtu mwenyeji aliyewapa watu maji. Pamba inakuwa mandhari. Kodi inakuwa mandhari. Bunduki ya rashasha inakuwa chombo tu cha majaliwa. Maelezo hayo yanakaribia sana yale ya utawala wenyewe, ulioeleza vita kuwa matokeo ya uchawi na udanganyifu wa waganga. Mhakiki anayetumia dhana ya dosari anaweza kurudia hoja ya gavana bila kukusudia, huku akidhani anafuata kanuni ya sanaa.

Tamthilia yenyewe inapinga usomaji huo tangu mwanzo. Haifunguliwi na nabii, bali na wanawake wawili na shida ya chakula, wakati nguvu za watu zinakwenda katika shamba la Bwana Kinoo. Njaa imekwisha kuingia nyumbani kabla ya maji kupatikana. Maji yanapokuja, yanakuta sababu ya vita imekwisha kuwepo. Yanacholeta ni umoja, kitu ambacho watu walikikosa.

Linganisho na Sophocles, ambaye Mfalme Edipode wake alitafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel S. Mushi mwaka 1971, linaonesha jinsi Hussein alivyoubadilisha mpangilio. Katika kazi ya Sophocles utabiri ni wa kweli, na mtu haujui ukweli wake mpaka mwisho. Utambuzi na mgeuko wa hali hufika pamoja, na baada ya hapo hakuna la kufanya. Katika Kinjeketile utambuzi huja mapema. Anapoambiwa kwamba utabiri wake uliwataja kuwa watoto wa Seyyid Said, anaona kwamba neno alilolileta linaweza kuwa linamtumikia bwana mwingine. Anatilia shaka maji kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Anaomba vita vicheleweshwe. Neno, hata hivyo, limekwisha kumtoka na limekuwa mali ya watu.

Swali la tamthilia, kwa hiyo, haliko katika kutojua kwa shujaa. Liko kati ya mtu anayejua na umma ambao tayari umeungana kwa neno asiloweza kulirudisha. Umma huo una nafasi ambayo Aristotle aliitamani kwa korasi aliposema, katika sura ya 18, kwamba korasi itendewe kama mmoja wa waigizaji. Baadhi ya wahusika wa Hussein huitwa kwa majina ya makabila yao, na ndio wanaolisukuma tendo mbele. Korasi ya Thebes inatazama na kuomba. Korasi ya Umatumbi inaamua. Kosa la shabaha, kama neno hamatia litabaki na maana yake halisi, ni la tendo zima, yaani, watu walilenga sawa kwa silaha isiyotosha.

Mwisho wa tamthilia ndipo Hussein anapoiacha historia kwa makusudi. Kinjikitile aliuawa vita vikianza. Kinjeketile anabaki hai baada ya kushindwa, akiwa kifungoni, na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kukiri kungempunguzia mateso, na kwa maana finyu kungekuwa kusema kweli. Anakataa. Anaona kwamba ungamo hilo litafundishwa kwa watoto kuwa ushahidi kwamba kupigania nchi lilikuwa kosa. Mwandishi amekisogeza kifo ili swali hilo liweze kuulizwa, na hapo anatimiza maelezo ya sura ya 9 ya Aristotle kwamba ushairi husema yanayoweza kutokea, ilhali historia husema yaliyotokea. Mhakiki anayetafuta dosari analazimika kuusoma mwisho huo kuwa ukaidi. Mhakiki anayetafuta tendo anauona kuwa hukumu juu ya nani mwenye haki ya kueleza maana ya vita.

7.0 Tanzia ya walioshindwa

Athens ya kale iliwahi kukabili tatizo hilohilo la kuigiza maafa ya karibuni. Herodotus anasimulia kwamba Phrynichus alipoigiza kutekwa kwa mji wa Miletus, ulioanguka mwaka 494 K.K., watazamaji wote walilia, naye akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha misiba iliyokuwa yao, na tamthilia ikapigwa marufuku. Mwaka 472 K.K. Aeschylus aliigiza kushindwa kwa Waajemi huko Salamis, vita vya miaka minane iliyotangulia. Aliuweka mchezo wake katika mji wa adui, akamleta tarishi kutaja majina ya makamanda waliokufa mbele ya mama wa mfalme na wazee. Waathene walivumilia tanzia ya walioshindwa pale waliposhindwa wengine.

Kinjeketile iko upande wa Phrynichus. Iliigizwa mbele ya wajukuu wa waliokufa, katika taifa lililokuwa likitafuta mwanzo wa umoja wake. Hakuna aliyetozwa faini. Kazi ilipokelewa na kuwekwa katika mitaala. Mapokezi hayo mema nayo yana gharama. Taifa lilihitaji shujaa na neno lake, na tanzia ikafungwa kifungoni pamoja na Kinjeketile. Vita halisi viliendelea baada ya kifo chake kwa muda unaokaribia miaka miwili, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Tamthilia inaanza na uhaba wa chakula. Historia inaishia na njaa kubwa zaidi ambayo jukwaa halikuionesha.

Katika nafasi hiyo utenzi wa Lindi na masimulizi ya wazee hurudi kuwa vya lazima. Utenzi hutaja mahali, na masimulizi ya wazee hutaja majina. Tarishi wa Aeschylus alitekeleza sharti la kwanza la tanzia kwa kuwataja wafu mbele ya wafiwa. Kwa waliokufa Umatumbi, Ungindo na bara ya Lindi, sharti hilo halijatimizwa na kazi moja peke yake. Linatimizwa kwa sehemu tu, na kwa kuzisoma kazi hizi pamoja.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba istilahi za Ugiriki na Roma zina faida katika kusoma fasihi ya pwani ya Kilwa na Lindi, zikisomwa kwa ukamilifu wake. Mjadala kuhusu Lucan na Virgil humzuia mtafiti kumhukumu mshairi wa Lindi kwa kupima sifa peke yake. Aristotle, aliyeweka tendo mbele ya tabia, humzuia mhakiki kumfanya Kinjeketile sababu ya maafa ya umma. Aeschylus na Phrynichus huonesha kwamba tanzia ya vita ni suala la nani anaambiwa habari za wafu wake.

Pendekezo linalofuata ni la ufundishaji na la utafiti. Swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi aeleze dosari ya Kinjeketile libadilishwe, aulizwe tendo ni la nani na lilikosa shabaha kwa sababu gani. Utenzi wa Abdul Karim usomwe sambamba na tamthilia, badala ya kuachwa kwa wanahistoria peke yao. Watafiti wa masimulizi, ambao bado wanaweza kufika Nandete, Kipatimu na Liwale, wayachukue majina yaliyobaki katika koo kuwa sehemu ya maana ya kazi hizi. Kiswahili kililipa neno tanzia jukumu la kufikisha habari ya kifo kwa mwenye msiba, na uhakiki unaolitumia neno hilo unabeba jukumu hilohilo.